Berlin Oktoba na Novemba: nenda, ila pangilia siku yako kwa mwanga

Mtoa mada kauliza hivi: kapata likizo ya wiki moja kuanzia mwisho wa Oktoba, shemeji yake yuko Berlin kamwalika, ila watu wanamtisha kwamba Ulaya kipindi hicho ni baridi na giza tu, bora asubiri Juni. Anataka kujua aende au aahirishe, avae nini, aone nini, na kama anaweza kwenda na mwanae wa miaka minane. Mi kwetu Lindi, huku nipo miaka kadhaa sasa, na wageni wa kutoka nyumbani nimewapokea wa kila msimu, kwahiyo najibu kwa nilichokiona mwenyewe.

Mkuu nenda, tena usihangaike kuhamisha likizo. Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku na raha ipo kweli, ila bei za hoteli zinapanda na kila mlango una foleni. Mwisho wa Oktoba mji unarudi kwa wenyewe. Miti ya Tiergarten, bustani kubwa ya katikati ya mji, inakuwa ya njano na nyekundu na kahawia kwa pamoja, kitu ambacho kwetu hatuna kabisa, majani yanadondoka mpaka njia haionekani na watoto wanaokota mbegu za kastania, zile za kahawia zinazong'aa, wanajaza mifuko ya koti. Wiki ya kwanza ya Novemba bado unayakuta majani juu ya miti, baada ya hapo upepo unayamaliza.

Kitu ambacho wageni wengi hawaambiwi ni habari ya mwanga, na mi nadhani hii ndo muhimu kuliko baridi. Mwanzoni mwa Oktoba jua linazama kwenye saa moja kasoro jioni, karibu sawa na nyumbani, hushtuki. Sasa Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na jioni ya siku hiyo hiyo unashangaa saa kumi na dakika arobaini jua limeshaondoka, na ukifika mwisho wa Novemba ni saa kumi jioni tu giza linaanza kuingia. Asubuhi nako linachomoza kwenye saa moja, baadae linazidi kuchelewa. Na tofauti yetu na wao kutoka saa moja inakuwa saa mbili, kwahiyo ukitaka kuongea na familia usingoje saa nne usiku ya huku maana nyumbani ni saa sita watu wamelala.

Kwa sababu hiyo usije ukalala mpaka saa tano asubuhi eti upo likizo, ukitoka umekunywa chai na kuvaa zile nguo zote ni saa saba, na mchana wako wa kuona mji umebaki saa tatu au nne. Saa tatu asubuhi uwe nje. Vitu vya nje, bustani, mitaa, mabaki ya ule ukuta uliogawa mji, vyote vimalize mpaka saa tisa, halafu ndo uingie makumbusho ambayo mengi yanafungwa saa kumi na mbili jioni, ukitoka humo giza limeingia na wewe hujapoteza kitu. Kama ni mtu wa swala jua pia kwamba adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana karibu karibu sana kipindi hicho. Msikiti mkubwa na mzuri upo mtaa wa Neukölln, barabara ya Columbiadamm, unaitwa Şehitlik, wa Waturuki, minara yake inaonekana kwa mbali.

Baridi. Oktoba mchana unaweza kupata nyuzi 12 mpaka 15, Novemba 7 au 8, usiku inasogea kwenye sifuri. Sio baridi ya kuua mtu, inayosumbua ni unyevu na upepo, mvua yenyewe ni manyunyu yasiyokwisha. Watu wa kwetu wanakosea wananunua koti moja zito kama godoro halafu ndani wana tisheti. Vaa tabaka: fulana ya kubana ya ndani, shati au sweta, halafu koti lisilopitisha maji, maana ukiingia kwenye treni au duka kuna joto kali na utatakiwa kuvua. Viatu ndo usibane bajeti, viwe visivyoingiza maji na soli isiwe laini, majani yakilowa yanateleza vibaya sana. Kofia, skafu, glovu. Na beba mafuta ya mgando ya kwako, hita za ndani zinakausha ngozi na midomo mpaka inapasuka.

Afu usinunue koti Kariakoo kwa bei ya kulangua. Njoo na sweta zako mbili, siku ya kwanza shemeji akupeleke Frankfurter Tor, kuna duka la mitumba la ghorofa kadhaa linaitwa Humana, makoti ya baridi yamepangwa kwa saizi, mazima kabisa, unalipa euro chache. Wageni wangu wote nawapitisha pale kwanza kabla ya kitu chochote.

Sasa ya kuona. Brandenburger Tor, lile geti maarufu la mji, utaiona, hakuna atakayekuja Berlin asiione, na kuba la vioo la Bunge panda, ni bure, ila lazima ujiandikishe kwenye mtandao siku nyingi kabla na siku hiyo ubebe pasi. Jumba la makumbusho la Pergamon lisahau, limefungwa tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati. Hayo utayapata kwenye kila kijitabu. Mi nataka nikwambie ya kwetu, maana mtu anatoka Tanzania anazunguka Berlin wiki nzima anarudi na picha za mageti na hajui kwamba mji huu umejaa habari zetu, na msimu huu wa kiza na majani ndo unafaa kuzifuata kwa utulivu.

Anza na makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde, ipo Invalidenstraße, unapanda treni ya chini ya ardhi ya U6 unashuka kituo kinaitwa Naturkundemuseum, Jumatatu wanafunga. Ukiingia tu ukumbi wa kwanza anakusubiri mnyama wa Lindi. Giraffatitan, mifupa yake ina umri wa kama miaka milioni 150, amesimamishwa urefu wa mita 13.27, ndo dinosaria mrefu kuliko wote waliosimamishwa duniani. Katoka Tendaguru, kilima kipo ndani ndani kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, Vita vya Maji Maji vimeisha juzi tu 1907, watu wa kusini wametoka kwenye njaa iliyoletwa na jeshi kuchoma mashamba, na hao hao ndo waliochimba na kubeba. Hakukuwa na gari wala reli, mzigo ulipita kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, ukapakiwa melini.

Mama yangu mdogo alikuja kunitembelea Oktoba moja nikampeleka. Yeye ni mtu wa Mtama, huko huko Lindi, mambo ya makumbusho hayamhusu sana, alikuja kwa kuniridhisha tu. Alisimama chini ya ule mguu wa mbele muda mrefu sana, mfupa mmoja tu wa bega mpaka kiwiko unazidi mita mbili, yeye mwenyewe haufikii. Akaniambia nimsomee kibao, nikamsomea, aliposikia Tendaguru akageuka akaniuliza, "Mwanangu, huu walibeba wangapi? Na njiani walikula nini?" Sikuwa na jibu. Akakaa kwenye benchi akaanza kunitajia vijiji, huku watapita hapa, mto watavukia pale, akiwa bado na koti lake la Humana hajalifungua vifungo, na mtoto mmoja wa Kijerumani pembeni anamshangaa bibi anayeongea na mifupa. Tulikaa pale mpaka wakatangaza wanafunga.

Jina moja lishike: Boheti bin Amrani. Ndo alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji pale Tendaguru, na mwaka 2007 wataalamu walimpa dinosaria mwingine wa pale pale jina lake, Australodocus bohetii. Wenzake mamia majina yao hayapo kwenye kibao chochote, na mi naona deni hilo bado lipo.

Siku nyingine shuka Rosenthaler Platz kwa U8, tembea Brunnenstraße mpaka namba 193. Angalia chini. Kwenye lami kuna kijiwe chenye bamba la shaba la sentimita kumi kwa kumi, mji mzima una vijiwe hivi vya kukumbuka waliouawa na Manazi, kila kimoja mbele ya nyumba aliyoishi mtu. Hiki ni cha Mahjub bin Adam Mohamed. Mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, mtoto wa askari, na yeye mwenyewe akaingizwa vitani akiwa bado mtoto, Vita vya Kwanza. 1929 akaja Berlin, alikuwa anadai mshahara wake na wa baba yake ambao jeshi la Wajerumani halikuwalipa, hakupewa. Akabaki, akafanya kazi ya uhudumu, akacheza kwenye filamu nyingi, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu hapa hapa. 1941 wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, wakamfunga kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Novemba majani yenye maji yanaganda juu ya kijiwe na shaba inakuwa nyeusi. Tarehe 9 Novemba ni siku ya kukumbuka mashambulizi ya 1938 dhidi ya Wayahudi, na utaona wenyeji mitaani wamepiga magoti na kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba, wanasugua, wanaweka mshumaa na ua. Mi huenda pale Brunnenstraße na kitambaa changu. Unasugua herufi zinaanza kutoka moja moja, unasoma jina la Kiislamu la mtu wa Dar katikati ya barabara ya Berlin, watu wanapita na baiskeli. Kama likizo yako inafika tarehe hiyo nenda, huhitaji mwaliko. Tarehe hiyo hiyo ndo ukuta uliangushwa 1989, na ukipanda Brunnenstraße kwa mguu dakika chache unakutana na Bernauer Straße ambako kipande cha ukuta kimehifadhiwa kama kilivyokuwa, na uwanja wake na mnara wa walinzi, kuingia ni bure.

Kiswahili chenyewe kimeanza kufundishwa Berlin zamani sana, chuo cha lugha za mashariki kilianzishwa 1887 kwa ajili ya maofisa wanaotumwa koloni. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuja kufundisha 1900 na akafia hapa hapa Berlin 1927. Nikiwa kwenye basi saa kumi na moja jioni kiza kimeshaingia nje huwa namuwaza, mtu wa pwani kabisa, bila simu, bila ndege ya kumrudisha.

Afu kuna Wedding, ndani yake kuna mtaa wanaouita wa Kiafrika. Panda U6 ushuke Afrikanische Straße au Rehberge. Utakuta Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße, majina yamewekwa enzi za kujisifia makoloni. Kulikuwa na barabara ya Carl Peters, yule tuliyemwita mkono wa damu, wenyeji na Waafrika wa hapa wakapigania miaka mingi, 2024 ikabadilishwa, sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee na nyingine Anna-Mungunda-Allee, mama shujaa wa Namibia. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuwa Songea kuomba msamaha. Piga picha chini ya kibao cha Maji-Maji, halafu ingia bustani ya Volkspark Rehberge iliyo jirani, ndo sehemu naipenda kuliko Tiergarten kwa majani, kuna vilima na miti mikubwa na watalii hawafiki. Maduka ya Kiafrika yapo Wedding pia, unga wa mahindi, ndizi za kupika, mihogo, kama tumbo limegoma mkate.

Na Neukölln karibu na Hermannplatz kuna Lucy-Lameck-Straße. Zamani iliitwa kwa jina la Wissmann, yule aliyekuja na jeshi kumpiga Abushiri pwani na Abushiri akanyongwa Pangani 1889. Tangu 2021 inabeba jina la Lucy Lameck, mama wa Kilimanjaro, mbunge na naibu waziri wa miaka ya mwanzo ya uhuru. Ni mtaa mfupi wa kawaida, nguo madirishani na baiskeli zimefungwa kwenye nguzo, na kila anayeishi pale sasa hivi anaandika jina la Lucy Lameck kwenye barua zake. Mi hilo linanifurahisha kila nikipita.

Sachsenhausen ukipata moyo nenda, treni ya S1 mpaka mwisho Oranienburg halafu kutembea kidogo, hakuna kiingilio, ila tiketi iwe ya kanda ABC, na vaa kuliko siku zote maana ni uwanja wazi na upepo wake unapita kwenye mifupa. Mtoto wa miaka minane usimpeleke.

Usafiri haraka haraka: kanda ni A, B, C, mjini inatosha AB, uwanja wa ndege upo C. Tiketi ya safari moja ni karibu euro 4, kama unazunguka kutwa chukua ya saa 24. Hakuna geti, unaingia tu, ndo mtego wenyewe, wakaguzi wamevaa nguo za kawaida na faini ni euro 60. Ukinunua ya karatasi kwenye mashine ile tiketi igonge muhuri kwenye kiboksi kabla ya kupanda, bila muhuri ni sawa na huna. Njia nyekundu pembeni ya barabara ni ya baiskeli usisimame humo hata sekunde. Beba keshi kidogo, sehemu ndogo ndogo bado hawataki kadi. Jumapili maduka yote yanafunga isipokuwa vijiduka vya mtaani na supamaketi za kwenye stesheni kubwa, na tarehe 3 Oktoba ni sikukuu yao, wafikaji wa siku hiyo wajipange. Chupa za plastiki usitupe, ukirudisha supamaketi unalipwa senti 25 kila moja, na kama huna muda iweke pembeni ya pipa, sio ndani, kuna watu wanaziokota wanaishi kwa hizo.

Chakula cha msimu ni maboga. Kila mgahawa una supu ya boga, lile dogo la rangi ya chungwa linalopikwa na ganda lake, wengine wanatia tangawizi na tui la nazi na hapo utajisikia upo nyumbani. Döner, mkate wa nyama ya kuchoma wa Waturuki, ipo kila kona, halali nyingi ila uliza, na soseji zao nyingi ni nguruwe kwahiyo uliza pia. Jumanne na Ijumaa kuna soko la Waturuki pembeni ya mfereji, Maybachufer, matunda, samaki, viungo, vitambaa, ukifika jioni jioni wanapunguza bei kwa kupiga kelele kama Ilala.

Ndugu zetu Wakenya waliouliza kule chini kuhusu marathon ya Berlin, hiyo ni mwisho wa Septemba, Kipchoge kavunja rekodi ya dunia hapa mara mbili, 2018 na 2022. Raha ya kusimama barabarani kumshangilia mtu wako kwa Kiswahili ni kubwa mno, ila hoteli za wikiendi hiyo kata miezi kabla.

Viza, kwa kifupi maana uzi wake upo: Schengen ni euro 90 mtu mzima, mtoto wa miaka minane nusu yake, bima isiyopungua euro 30,000, na unaruhusiwa kuomba hata miezi sita kabla, usingoje Septemba. Mtoto ana fomu yake na bima yake, na ukisafiri nae bila mama yake beba barua ya ridhaa ya mama na cheti cha kuzaliwa. Mpakani tangu Oktoba 2025 wameanza kusajili wageni kwa kompyuta na picha badala ya muhuri, foleni inaweza kuwa ndefu, mpe mtoto biskuti.

Na ndio, mbebe. Msimu huu ni wa watoto kabisa. Karibu na tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, watoto wanatembea mitaani jioni na taa za karatasi walizotengeneza wenyewe wanaimba, shemeji yako akiulizia shule au kanisa la jirani watamwambia ni lini. Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa 2008 ukageuzwa bustani, upepo wa msimu huu ni wa kurushia tiara na njia yenyewe ya ndege unaitembea kwa miguu. Yule mnyama wa Tendaguru ataota nae mwezi mzima. Mnunulie viatu vya mvua huko huko Humana, saizi kubwa kidogo aweze kuvaa soksi mbili. Ukipata tarehe kamili za tiketi ziweke hapa nikwambie kama zinagusa tarehe 9, nikiwa mjini nitakuwa Brunnenstraße asubuhi na kitambaa cha pili nitabeba.